“Nimnunulie Kikapu cha Ukubwa Gani?” Dhana Potofu Kuhusu Kazi za Mikono za Kufunga Mwaka

Muhula wa tatu ukielekea ukingoni, wazazi wa hapa Walukuba, Jinja, huanza kunisimamisha langoni na swali moja: “Mwalimu, nimnunulie kikapu cha ukubwa gani?” Anayeuliza hana nia mbaya. Mtoto amemwambia kuna maonyesho ya kufunga mwaka na kila mmoja alete kitu alichotengeneza, na mzazi amezoea kwamba shule ikitaka fagio, fagio linanunuliwa. Ikitaka karatasi, zinanunuliwa. Basi na kikapu kinunuliwe, mambo yaishe. Nafundisha sanaa na ufundi katika shule ya msingi, na swali hili limenichosha kiasi kwamba mwaka huu nimeamua kulijibu kwa maandishi, pamoja na mengine yanayoandamana nalo.

Dhana: Kazi nzuri ni ile inayopendeza macho

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu nyingine nyingi zimeota kwake. Kwa ajili yake mama anakesha akimalizia mkeka wa mwanawe. Baba anampa seremala pesa atengeneze lori la mbao, kisha mtoto analibeba kichwani hadi shuleni akiwa amelala usiku kucha. Siku ya maonyesho meza zinang’aa kama duka la watalii, wageni wanapiga picha, na ukimuuliza mwenye lori, “Ulianzia wapi, kwenye magurudumu au kwenye bodi?” anatazama viatu vyake.

Ukweli ni kwamba lori lenyewe sina haja nalo. Nataka kuona mtoto alipokwama, alichoamua kufanya alipokwama, na kama anaweza kunieleza. Vitu hivyo havinunuliwi sokoni.

Nichukue kazi ninayoipenda kuwapa P5, darasa la tano, mitihani ikiisha: ramani ya Uganda yenye milima na mabonde. Mwaka mzima wamesoma Uganda kwenye SST, somo la maarifa ya jamii. Namba wanazo: Margherita, kilele cha Rwenzori, mita 5,109; Wagagai, kilele cha Elgon upande wetu, mita 4,321; Ziwa Victoria, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Waamshe usiku wa manane, watakutajia. Sasa waambie wazijenge.

Vifaa ni madaftari yaliyojaa, yale ambayo kwa kawaida huishia kufungia karanga barabarani. Tunayachana vipande vidogo, tunayaloweka usiku kucha, asubuhi tunayatwanga kwenye kinu mpaka yawe rojo. Maji yanakamuliwa, kisha rojo inachanganywa na gundi ya unga wa muhogo: kikombe kimoja cha unga kwa vitano vya maji, ukoroge kwanza kwenye maji ya baridi ili usifanye madonge, ndipo uweke jikoni na kukoroga mpaka uji uwe mzito na kung’aa. Kijiko cha chumvi husaidia kuzuia ukungu. Chini tunaweka kadibodi ya boksi la dukani, mbili zikiwa zimegandishwa pamoja ili zisipinde.

Kisha skeli. Kwa kawaida darasa linakubaliana na sentimita 1 kwa kilomita 10. Uganda kutoka kusini hadi kaskazini ni zaidi ya kilomita 600, kwa hiyo kadibodi inahitaji urefu wa sentimita 60 na ushee. Hapo kila mtu anafurahi. Shida inaanza Kasese, chini ya Rwenzori, kwa sababu kwa skeli hiyohiyo Rwenzori nzima, na mita zake 5,109, inakuwa na kimo cha nusu sentimita. Mtoto anapitisha kidole juu yake na kuuliza, “Mwalimu, sasa mlima uko wapi?”

Mimi hapo hunyamaza. Swali lile, kila mtu aliyewahi kujenga ramani ya namna hii amelazimika kulijibu, na mtoto wa P5 amelifikia kwa kidole chake. Wanabishana. Mmoja anataka mlima ukuzwe, mwingine anasema huo ni uongo. Baada ya muda wanafikia kwamba kimo kipewe skeli yake, sentimita 1 kwa kilomita 1, Rwenzori ipate sentimita 5, na pembeni waandike kwamba milima imekuzwa mara kumi ili anayetazama asidanganyike. Huo ni uwiano, mada ambayo baadhi yao waliikosa kwenye mtihani wa hisabati wiki iliyotangulia.

Bado hatujafika kwenye maji. Ramani ikikauka na kupakwa rangi, tunasugua nta ya mshumaa kwenye njia ya Nile ili karatasi isinyonye, halafu mmoja anadondosha maji kwa kijiko pale Jinja. Ziwa Albert liko chini ya Victoria kwa mita 500 hivi, ambayo kwenye ramani yao ni nusu sentimita tu ya mteremko. Kundi lililopanga vimo vyake vizuri linaona maji yakipita Ziwa Kyoga na kuishia Albert. Kundi lililobandika rojo nyingi upande wa Karuma, kati ya Kyoga na Albert, linaona Nile yake ikirudi nyumbani Jinja. Kelele zinazotoka hapo ni za watoto waliokwisha kuelewa kosa liko wapi. Wanakwangua, wanapaka nta upya, wanadondosha tena. Ramani hiyo itabaki na kovu pale Karuma, na mimi kovu hilo ndilo naliangalia kwanza ninapopita mezani.

Hata haraka ina funzo lake. Novemba huku kwetu ni mvua. Anayejenga mlima wake kwa donge moja nene ataukuta umekauka juu na kuoza ndani, unanuka. Anayeweka tabaka jembamba, akasubiri likauke, akaongeza jingine, mlima wake utafika Desemba.

Sasa mzazi akileta ramani iliyotengenezwa na fundi, laini, yenye vanishi, mtoto amejifunza nini? Amejifunza kwamba mikono yake haitoshi. Somo hilo linaingia haraka sana, na nimekutana nalo kwa vijana wa sekondari ambao ukiwapa waya na koleo wanasubiri mtu mzima aanze.

Walimu wenzangu nao wanachangia. Tukimpa zawadi mwenye kazi inayong’aa kuliko zote, tunawaambia wazazi wa mwaka ujao waende kwa seremala mapema. Kwa miaka kadhaa nimeshikilia utaratibu mmoja na sitauacha: kila mtoto alete kazi mbili mezani, ile ya kwanza iliyoharibika na ile ya pili, na aweze kusimama dakika tatu akieleza tofauti. Asiye na ya kwanza iliyoharibika, nina maswali mengi ya kumuuliza. Na aeleze kwa Kiswahili pia. Baraza la Mawaziri lilipitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na sijaona mazoezi bora ya lugha kuliko mtoto kumweleza Mama Zaituni, muuza samaki, jinsi alivyopata mlima.

Je, mzazi asisaidie kabisa? Asaidie. Panapohitaji kisu kikali, akate yeye. Atafute maboksi. Aulize maswali, asigawe majibu. Kama nyumbani kuna bibi anayejua kusuka, huo ni utajiri: bibi akae na ukindu wake, mtoto akae na wake, kila mmoja na mkeka wake mkononi. Bibi aonyeshe kwenye wa kwake, mtoto afuate kwenye wa kwake. Bibi akinyoosha mkono kurekebisha wa mjukuu, mwambieni kwa heshima, “Hapana, bibi, mwache kwanza.” Mtoto akikosea hesabu ya kupitisha juu na chini, muundo utapotea baada ya mistari michache na atauona mwenyewe. Kufumua mistari hiyo kutamfundisha kuhesabu kuliko mimi.

Dhana: Mitihani ikiisha, kilichobaki ni michezo

Kati ya mtihani wa mwisho na siku ya kufunga, walimu wanasahihisha na watoto wanazurura uwanjani. Wazazi wengine huwabakiza nyumbani, wengine wanatafuta mtu wa kuwaanzishia masomo ya darasa la mbele, ingawa Wizara ya Elimu imeshakataza zaidi ya mara moja kufundisha watoto wakati wa likizo. Kwangu hizi ndizo siku bora za mwaka. Hakuna kengele ya mtihani mbele, kazi inaweza kuanza asubuhi na kuendelea hadi chakula cha mchana bila somo jingine kuikata katikati, na yote waliyosoma tangu Februari wanayo tayari kuyatumia.

Dhana: Haimo kwenye PLE, kwa hiyo haina faida

Ni kweli kwamba PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ina karatasi nne: Kiingereza, hisabati, sayansi, na SST pamoja na elimu ya dini. Hakuna karatasi ya kusuka. Lakini mtoto haishii P7. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza 2020, na kundi la kwanza lilifanya UCE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, kwa mtaala huo mwaka 2024. Kazi za darasani na miradi, ambazo mwanafunzi anazifanya kwa muda mrefu chini ya mwalimu wake, zinachangia asilimia 20 ya matokeo. Mtoto anayefika S1, kidato cha kwanza, bila kuwahi kubuni kitu, kukivunja na kukirekebisha, atajifunzia hapo hapo penye alama. Wazazi wanaoniuliza kuhusu PLE mara nyingi ndio haohao wanaopiga simu baadaye kuuliza “project” ni kitu gani. Niulizeni sasa.

Dhana: Kazi za mikono ni za watoto wazito wa kuelewa

Hapana. Hili nimelisikia hata kwa watu waliosoma sana, na linaniuma. Makerere imekuwa ikifundisha sanaa tangu Margaret Trowell alipoanzisha madarasa yake mwaka 1937. Na mafundi wa lubugo wa Buganda, ambao utengenezaji wao wa nguo ya gome la mti wa mutuba ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, wanajua mambo ambayo mwanafunzi wa sayansi angeyatolea jasho: gome livuliwe msimu gani, shina lililo wazi lifungwe vipi kwa majani ya mgomba ili gome liote tena, nyundo ya mbao yenye mifereji ya upana gani itumike kwanza na ipi ifuate. Mutuba mmoja unavuliwa mwaka hadi mwaka bila kufa. Mwiteni fundi wa namna hiyo shuleni, mumlipe nauli na chakula, watoto wamuulize maswali.

Dhana: Hayo ni ya shule zenye pesa

Nimetaja madaftari ya zamani, maboksi, unga kikombe kimoja na mshumaa. Ongezeni nyuzi kavu za mgomba, ambazo kila mtoto wa Busoga anajua kuzigeuza mpira, na waya za nyavu chakavu. Kinachokosekana ni muda na ruhusa.

Dhana: Wavulana waya, wasichana mikeka

Gaweni kwa kura.

Dhana: Sherehe ni majoho

Kwenye shule za chekechea desturi imekua kwamba watoto wa darasa la juu wavalishwe joho na kofia za kukodi, wapande jukwaani, wapigwe picha, wakate keki. Sitaki kumnyima mtoto keki yake. Lakini mtoto wa miaka mitano amesimama juani saa nzima ndani ya joho zito, mama amekopa, na mezani hakuna hata kitu kimoja alichokigusa kwa mikono yake mwaka huo. Pesa ya kukodi joho kwa darasa zima inanunua mikasi ya watoto, sindano butu za kushonea magunia, brashi na rangi za kutosha mwaka ujao wote, na mikasi itatumiwa na darasa litakalofuata. Kama ni lazima kofia, waitengeneze wenyewe kwa kadibodi. Kupima kichwa cha mwenzako kwa uzi na kukata kamba isiyolegea ni kazi wanayoiweza, na wanaicheka sana.

Kwa wazazi wa P5: Jumatatu kila mtoto aje na madaftari mawili yaliyojaa na unga wa muhogo kikombe kimoja. Kinu tunacho. Siku ya maonyesho njooni saa nne asubuhi kabla watoto hawajachoka, mpite meza kwa meza, na kila mtoto mumuulize ni kitu gani kilimharibikia na alifanya nini.