Je, wajua kuna jamaa wa mpopoo anayechanua chini ya udongo?

Aliyekulia pwani anajua karara la mnazi linavyopasuka. Leo limefumba kama ala ya jambia. Kesho limeachama, maua ya rangi ya tui yamemwagika nje, nyuki wanavuma mpaka mkwezi anasita kupanda. Mtende hivyo hivyo, mkindu hivyo hivyo, mpopoo pia. Miti ya jamii hii haina haya. Inachanua hadharani na kuning'iniza matunda hadharani, na mwenye macho, awe ndege au mtoto mwenye manati, anajionea mwenyewe.

Sasa chukua mti wa jamii hiyo hiyo, ufupishe mpaka mpita njia adhani ni mche tu uliojiotea, uweke kivulini katika msitu wa mvua wa kisiwa cha Borneo, kisha maua yake yafukie udongoni. Matunda nayo yaache yaivie humo humo, mekundu, matamu, bila kuona jua. Mti huo upo. Jina lake la kitaalamu ni Pinanga subterranea, na ulitangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2023. Katika spishi zipatazo 2,500 za jamii ya mnazi zinazojulikana duniani, ndio wa kwanza kujulikana kwamba unachanua na kuzaa chini ya ardhi.

Nilipokutana na habari hii sikushangazwa sana na udongo. Nilikwama kwenye neno "mpya". Maana wenyeji wa Borneo wana majina manne ya mti huu, katika lugha zisizopungua tatu, na matunda yake wanayala kama sisi tunavyokula zambarau njiani. Mpya kwa nani, basi?

Tuyatazame majina yenyewe. Moja ni pinang tanah. Tanah kwa Kimalei ni udongo, ardhi. Pinang ni popoo, ile ile inayokatwa vipande ikatafunwa na tambuu na chokaa huko Unguja na Mombasa. Kisiwa cha Penang nchini Malaysia kimepata jina lake humo, na wataalamu nao walipohitaji jina la kundi hili la miti midogo ya vivulini, lenye spishi zaidi ya 130, walichukua neno hilo hilo wakalivalisha Kilatini: Pinanga. Kwa hiyo pinang tanah ni "popoo ya ardhini". Aliyeupa mti jina hilo alikuwa ameshachimba akaona kilichomo. Jina jingine, tudong pelandok, linamtaja pelandok, mnyama mdogo mwenye miguu kama vijiti, ambaye ukimwona utasema ni paa aliyekataa kukua. Katika ngano za Wamalei yeye ndiye mjanja anayewachezea shere mamba na chui milia. Kwa ufupi, ndiye sungura wao.

Wenyeji basi walikuwa wanaujua. Waliokuwa hawaujui ni wataalamu wa mimea, na si kwa kukosa kufika. Mwitaliano Odoardo Beccari, aliyekuja kuwa bingwa wa miti ya jamii hii, alizunguka Sarawak, upande wa Malaysia wa kisiwa hicho, tangu 1865 hadi 1868. Baada yake wakaja wengine wengi. Na mti wenyewe haukujificha kwenye kilele kimoja cha mlima: unapatikana kuanzia magharibi mwa Sarawak hadi Kalimantan, upande wa Indonesia.

Uliwapitaje? Jibu liko katika desturi ya kazi yao. Mkusanyaji wa mimea hatafuti majani. Anatafuta ua na tunda, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyotenganisha spishi moja na nyingine. Sampuli ya majani matupu ni kama kitambulisho kisicho na picha. Mkoba ni mzito, mvua inanyesha, ruba wanapanda miguuni, na sakafu ya msitu imejaa miche ya kila aina isiyo na ua. Anachukua chenye ua, anaruka kisicho nacho. Pinanga subterranea ilikuwa daima inaonekana haina ua. Kwa macho ya mtaalamu ulikuwa ni mti wa ukoo fulani ambao haujakomaa, na mche haukusanywi. Nadhani wapo walioukanyaga wakielekea kwenye mti mwingine wenye maua.

Aliyeifichua siri ni nguruwe. Mwaka 1997 Paul Chai, mtaalamu wa mimea wa Malaysia, alikuwa katika hifadhi ya Lanjak Entimau huko Sarawak, akakuta udongo umetifuliwa kuzunguka hivi vijiti vya popoo. Nguruwe mwenye ndevu, aina ya nguruwe mwitu wa kisiwa hicho, alikuwa amepita na pua yake. Pale alipochimbua, maua na matunda yalikuwa nje.

Chai aliikumbuka ile picha miaka mingi. Mwaka 2018 watafiti wa bustani ya mimea ya Kew, London, akiwemo Benedikt Kuhnhäuser, walifika Sarawak na kuutafuta mti kwa kufuata maelezo yake. Kalimantan nako kulikuwa na Agusti Randi, Mwindonesia, ambaye jina lake ndilo linalotangulia katika orodha ya waliouelezea rasmi. Tangu nguruwe achimbue hadi jina lichapishwe ni miaka 26. Msomaji asishangae, sampuli nyingi za mimea hukaa makabatini miongo kadhaa kabla ya mtu kugundua kwamba alichoshika hakina jina.

Na hapa ndipo penye jibu la lile swali langu. Katika sayansi, spishi haiwi mpya kwa kuonwa mara ya kwanza. Inakuwa mpya kwa kuandikwa, na kuandika huko kuna masharti kama ya hati ya kiwanja.

Kwanza lazima kuwe na sampuli. Mmea unang'olewa taratibu, kwa huu wetu pamoja na kuondoa udongo kwa vidole ili vishada vya maua visikatike. Unalazwa ndani ya gazeti, gazeti juu ya gazeti, kisha lundo zima linabanwa kwa mbao na mikanda na kukaushwa kwa joto. (Magazeti ya jana yana kazi kuliko tunavyodhani.) Maua na matunda huwekwa pia ndani ya spiriti, kwa kuwa yakikauka hubadilika umbo. Yote yatakayopotea huandikwa hapo hapo msituni: rangi ya tunda, harufu kama ipo, mwinuko wa mahali, aina ya udongo, tarehe, na jina wanaloliita wenyeji. Tunda jekundu likikaa hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, miaka mitano ni kahawia tu. Bila ile karatasi hakuna atakayejua kwamba liliwahi kuwaka.

Kisha kazi inahamia mezani. Mtaalamu anaanza kulinganisha sampuli yake na za ndugu zake wote wanaojulikana, jani kwa jani, anapima urefu wa kikonyo, anahesabu matawi ya kishada, anakata tunda aone mbegu imekaaje. Akiridhika kwamba huyu si yeyote kati ya wale, anaandika maelezo, anaonyesha kinachomtofautisha, na kuteua sampuli moja iwe shahidi wa jina milele. Sampuli hiyo hutunzwa mahali panapotajwa, na nakala zake hugawiwa hebaria nyingine. Ukizuka ubishi miaka 100 ijayo kuhusu Pinanga subterranea ni mti gani hasa, hawatatazama picha wala kumuuliza mtu. Watafungua kabati.

Jina lazima liwe na sura ya Kilatini, kwa utaratibu unaohesabiwa tangu kazi ya Msweden Carl Linnaeus mwaka 1753. Hadi mwisho wa 2011 hata maelezo yenyewe yalitakiwa yawe kwa Kilatini. Tangu Januari 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa. Kiiban, mojawapo ya lugha za Borneo, hakikubaliwi, wala Kimalei, wala Kiswahili. Mimi naona ni kichekesho chenye ukweli fulani mchungu: wakulima wa Borneo walikuwa na jina lililobeba taarifa yote muhimu, na jina la kisayansi, subterranea, maana yake "ya chini ya ardhi", ni tafsiri tu ya lile lao.

Ukilisikia neno subterranea na umewahi kulima, huenda tayari unalijua. Njugu mawe zetu ni Vigna subterranea. Hazina undugu wowote na mti huu, moja ni jamii ya kunde na nyingine ni jamii ya mnazi, lakini wamepewa jina moja kwa kosa lile lile la kupenda giza. Tofauti yao ndiyo inayonifurahisha. Ung'oe mkaranga ukiwa bado unachanua uone: ua la manjano liko juu, kwenye mwanga. Likishachavushwa linanyauka, na chini yake kinachomoza kijiti chembamba kama sindano kinachoinama, kinaingia udongoni, na ncha yake ndiyo inayovimba ikawa ganda lenye karanga. Njugu mawe nazo huchanua karibu kabisa na ardhi kisha zikaingia ndani. Yaani hawa wetu wanafukia mimba. Ua lenyewe limeshamaliza shughuli zake juu.

Pinanga subterranea inafukia hata harusi. Vishada vyake vinachipuka vikiwa udongoni, na kwa kawaida ya ukoo huu maua hukaa matatu matatu, la kike katikati ya mawili ya kiume. Chavua ya la kiume ni lazima ilifikie la kike. Upepo haupo humo. Nyuki hafiki. Watafiti waliouelezea mti walikiri kwamba namna unavyochavushwa haijajulikana. Yumkini ni vidudu wanaotambaa kwenye udongo na majani yaliyooza, mbawakawa wadogo kwa mfano, maana mbawakawa ni wachavushaji wakubwa wa jamii ya mnazi hata juu ya ardhi. Lakini hilo ni wazo langu tu mpaka mtu akae pale na kurunzi na subira. Mimea inayochanua chini ya ardhi ni michache mno. Maarufu zaidi ni okidi ya Australia Magharibi, Rhizanthella gardneri, iliyofichuliwa mwaka 1928 na mkulima aliyekuwa akilima shamba lake. Kule jembe, huku nguruwe.

Kisha kuna ile rangi. Tunda jekundu ni tangazo kwa ndege, na Pinanga wengine huwaka matunda yao juu ya ardhi kwa kazi hiyo. Nyekundu ya nini gizani? Pengine ni nguo ya urithi: mababu wa mti huu walizaa juu, wakawavutia ndege, na mjukuu ameshuka chini na kanzu ile ile. Anayemhudumia sasa hana haja ya rangi. Nguruwe mwenye ndevu hunusa, huchimba, hula, na kuzisafirisha mbegu akiwa njiani, naye ni mnyama anayetembea sana.

Huyo nguruwe ameandamwa, na kwa sehemu ni kwa mambo yaliyotoka kwetu. Mchikichi ni mti wa Afrika. Nyumbani Tanzania tumezoea kusimuliana kwamba Wamalaysia walikuja kuchukua mbegu Kigoma. Lakini kumbukumbu za kilimo zinataja miche minne iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na kizazi chake kikaenea. Leo sehemu kubwa ya msitu wa chini wa Borneo ni mashamba ya michikichi, mistari iliyonyooka ambayo haina nafasi kwa popoo ya ardhini. Kitu cha pili ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921, na huku kwetu huishi kimya kati ya ngiri na papasi bila kumdhuru ngiri. Ulifika nchi ya Georgia mwaka 2007, ukaingia China mwaka 2018, na mapema 2021 ulikuwa Sabah, kaskazini mwa Borneo, ambako nguruwe wenye ndevu walikutwa wamekufa msituni. Ukaendelea hadi Sarawak.

Mti bado una mlaji mwingine, yule aliyeupa majina manne. Anapita njiani, anajua pa kuchimba, anafukua tunda jekundu, anafyonza utamu wake, na kokwa anaitema hatua chache mbele.