George Formby: ukimaliza kucheka, angalia mkono wa kulia

Nikiwawekea wanafunzi wangu wa ukulele (kagitaa kadogo ka nyuzi nne) video ya George Formby, yule mchekeshaji na mwimbaji wa zamani wa Uingereza, kwanza wanacheka. Jamaa ana meno hayo, ana uso wa mtu aliyefumaniwa, na nyimbo zenyewe mafumbo ya chumbani matupu, ule wa msafisha madirisha anayechungulia watu BBC waliugomea kabisa. Sawa, chekeni. Afu narudisha video mwanzo nawaambia sasa funikeni uso wake, tazameni mkono wa kulia tu.

Anachopiga mara nyingi ni banjolele, yaani shingo na nyuzi nne za ukulele lakini tumboni kuna ngozi iliyowambwa, banjo ndogo basi. Sauti yake kali, inafika mpaka siti za nyuma ila inakatika haraka mno, so ukipiga kivivu unabaki na mapengo. Hapo ndo inaingia staili wapigaji wanayoiita split stroke: kidole kinashuka nyuzi zote, kikirudi kinagusa uzi wa pembeni peke yake, kinashuka tena kinagusa ule wa upande wa pili, na hayo mapigo matatu anayazungusha juu ya muziki unaohesabu nne, ndo maana mkazo unahamahama na mguu wako unapotea. Na mkono wenyewe umelegea kabisa! Ukikaza tu kiwiko imeisha.

Na huyu mtu hakujua kusoma nota. Kuhamisha wimbo ufunguo mwingine kulimshinda, akawa anatembea na vyombo kadhaa, kila kimoja kimetyuniwa kivyake, wimbo ukibadilika anabadili chombo. Walimu wenzangu mnaosema bila nadharia mtu hafiki popote, mnisamehe.

Alizaliwa Wigan, kaskazini mwa Uingereza, 1904, kama George Hoy Booth. Formby lilikuwa jina la jukwaani la baba yake, mchekeshaji mkubwa ambaye hakutaka kabisa mtoto afuate kazi hiyo, akampeleka kwenye farasi akiwa na miaka 7 awe joki. Mzee akafa 1921, mama ndo akamsukuma kijana jukwaani na vichekesho vya marehemu, na mwanzoni watu walimzomea.

Aliyemgeuza ni Beryl Ingham, mcheza dansi aliyemuoa 1924. Beryl akawa meneja, akamvalisha suti, akashika hela zote, alikuwa mkali huyo mama, waongozaji wa filamu walimwogopa. Ila bila yeye sidhani kama tungekuwa na zile filamu, ile ya mbio za pikipiki Isle of Man ya 1935 na zilizofuata, zilizomfanya nyota namba moja wa sinema za Kiingereza kwao mpaka miaka ya vita. Walipokwenda Afrika Kusini 1946 walipiga pia mbele ya watu weusi, na inasimuliwa Malan, kiongozi wa chama cha wabaguzi wa rangi kule, alipopiga simu kulalamika, Beryl alimjibu tusi la nguoni akakata. Kwa hilo tu namsamehe ukali wote.

Beryl alifariki mkesha wa Krismasi 1960, George akamfuata Machi 1961, moyo.

Ukitaka kuanza na staili yake, izime kwanza sehemu anayoimba, nenda moja kwa moja kwenye soloo ya katikati, punguza spidi mpaka nusu, na usishike kodi (chord) zaidi ya moja mpaka mkono wa kulia uzoee.