“Mama, Nimeshashiba”: Maswali na Majibu Kuhusu Matatizo ya Ulaji

Siku hizi kila mtu yuko kwenye dayati. Wote ni wagonjwa?

Hapana. Kupunguza chapati ili gauni la harusi likae vizuri si ugonjwa. Ugonjwa unaanza pale chakula, uzito na shepu vinapokodi kichwa kizima. Mtu anaamka akiwaza alichokula jana, akila anahesabu, akimaliza anajuta, na kwenye kioo anaona mafuta ambayo hakuna mwingine anayeyaona.

Aina zinazotajwa zaidi ni tatu. Mwenye anoreksia hujinyima chakula na huogopa kunenepa hata akiwa amebaki mifupa. Mwenye bulimia hufakamia chakula kingi kwa muda mfupi, akijiona kabisa kwamba ameshindwa kujizuia, kisha hujitapisha, hunywa dawa za kuharisha au hujiadhibu kwa mazoezi. Wa tatu hufakamia vivyo hivyo ila hakitoi chakula, hubaki na aibu yake. Hali hii ya tatu ndiyo yenye watu wengi zaidi, lakini ilitambuliwa kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013 tu, katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani.

Jambo moja huwapotosha wengi: mwenye bulimia mara nyingi ana uzito wa kawaida. Princess Diana alipigwa picha kuliko mwanamke yeyote wa zama zake, na ni yeye mwenyewe aliyekuja kusimulia bulimia yake kwenye BBC mwaka 1995. Mizani haikuambii kitu hapo.

Si ugonjwa wa Wazungu huu? Kwetu mnene ndiye anayesifiwa.

Visiwa vya Fiji, huko Pasifiki, nako mnene ndiye aliyekuwa akisifiwa. Mgeni akishiba na kunawiri ilikuwa sifa kwa mwenyeji wake. Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995, na mtafiti Anne Becker akawauliza wasichana wa sekondari maswali wakati huo, kisha tena mwaka 1998. Mara ya kwanza hakupatikana hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3, na karibu robo tatu walisema wamewahi kujiona wanene mno. Kumbuka hiyo ilikuwa televisheni ya sebuleni, inayoangaliwa na ukoo mzima. Binti wa leo ana simu chini ya shuka saa sita za usiku, na picha anazoziona zimeshapunguzwa kiuno kwa programu.

Kama upo, mbona hatuuoni?

Kwa sababu una mahali pengi pa kujificha. Chukua binti wa kidato cha tatu aliyerudi likizo kutoka bweni. Mezani anamega ugali vitonge vidogo kama punje za mahindi, anavipanga pembeni ya sahani, anasukuma samaki kwa mdogo wake. “Mama, nimeshashiba, nilikula kwa kina shangazi.” Siku ya pili anasema vidonda vya tumbo vimemsumbua. Siku ya tatu amefunga sunna. Kila sababu ukiitazama peke yake ni ya heshima, na hakuna mzazi atakayegombana na mtoto anayefunga.

Kaskazini mwa Ghana, watafiti walipima wasichana 668 wa sekondari. Kumi miongoni mwa waliokonda sana walionekana wanajinyima chakula kwa makusudi, na wote walieleza kujinyima huko kwa lugha ya dini, ya kujitawala na kujitakasa. Ukienda na dodoso lenye swali moja tu, “je, unaogopa kunenepa?”, binti kama huyo atakujibu hapana, na hatakuwa amekudanganya.

Kwa hiyo tazama anachofanya. Anakwepa kula na wengine. Anakwenda chooni mara tu baada ya kula, na bomba la maji linafunguliwa muda mrefu. Anavaa sweta Dar es Salaam mwezi wa Januari, maana mwili usio na chakula huhisi baridi. Hedhi imekata. Ana sugu au makovu kwenye vifundo vya vidole, pale meno yanapogusa anapojitapisha. Mashavu yamevimba chini ya masikio kama ya mtoto mwenye matumbwitumbwi.

Mimi shida yangu ni kinyume. Naitwa njiti, nataka kunenepa.

Ni shida ileile, umeingia tu kwa mlango wa pili. Huku kwetu kukonda kulibeba fedheha kubwa tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipoitwa “slim” nchini Uganda. Mpaka leo mtu akipungua kidogo majirani wanaanza kuhesabu. Hapo ndipo muuza vidonge vya kunenepesha na kuongeza makalio anapopatia wateja.

Ndani ya vidonge vingi vya namna hiyo mna deksamethasoni, siproheptadini, au zote mbili. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayoamsha hamu ya kula na kuleta usingizi. Deksamethasoni ni steroidi yenye nguvu, yaani dawa inayoiga homoni ya mwili. Ni kweli utanenepa: uso utakuwa duara, tumbo litajaa, na shoga zako watakusifu. Chini ya sifa hizo sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inalika, kinga inashuka.

Halafu kuna mtego. Ukizitumia kwa wiki nyingi, tezi zilizo juu ya figo zinalala, haziundi tena homoni zake zenyewe. Ukiacha ghafla unaweza kuzimia, presha ikaporomoka, ukafa. Kwa hiyo kama umeshazitumia muda mrefu, usizitupe leo kwa hasira. Beba pakiti uende hospitali, umwambie daktari ukweli, akupunguzie dozi hatua kwa hatua.

Na wavulana?

Wamo. Kijana anaona mikono yake ni vijiti hata shati likimbana. Anashinda jimu, hali chakula cha nyumbani, na akishawishiwa anachoma sindano za homoni. Wengi hawajui kwamba testosteroni ya sindano huzima utengenezaji wa mbegu za kiume. Anayetafuta uanaume anaishia kliniki ya uzazi.

Kwani akiamua tu kula, si yataisha?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na kwa kawaida linaulizwa kwa ukali. Jibu zuri limo katika jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota la mwaka 1944 na 1945. Vijana 36 wa kiume, wenye afya na akili timamu, walijitolea kulishwa nusu njaa kwa miezi sita ili madaktari wajifunze namna ya kuwahudumia walioathiriwa na vita. Wakaanza kuota chakula na kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Walilamba sahani. Walivuta mlo mmoja kwa muda wa saa mbili nzima, wakawa wakali, wakajitenga, wengine wakazama katika huzuni. Waliporuhusiwa kula, baadhi walikula bila kuweza kuacha. Hawa hawakuwa na tatizo la shepu hata kidogo. Njaa yenyewe ndiyo iliyowageuza.

Sasa mrudie yule binti. Vitonge vya punje, ukali, kujifungia chumbani: sehemu kubwa ya unayoita kiburi ni ubongo wenye njaa. Ndiyo maana kumwambia “kula tu” ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka.

Tena mwili haungoji. Kutapika kunamaliza madini ya potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka moyo hupiga ovyo, hata kwa mtu ambaye jana alikuwa anacheza mpira. Asidi ya tumbo hula meno (akitapika asukutue kwa maji tu kwanza, asipige mswaki papo hapo). Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi.

Nimwanzeje?

Si mezani, na si mbele ya wajomba. Mkiwa wawili, labda mkichambua mchele, sema ulichokiona: “Mwanangu, naona wiki ya tatu huli na sisi, na jana ulizimia. Nina wasiwasi. Twende kwa daktari, tutakuwa pamoja.” Akikataa, usimkaripie, rudi kesho. Kilo usizitaje. Hata “sasa umenenepa, umependeza!”, salamu ya mapenzi kabisa huku kwetu, kwa anayepata nafuu huingia kama mwiba. Waombe na mashangazi wasimame upande huo, ingawa nakiri hiyo ni kazi ngumu kuliko matibabu.

Na matibabu?

Kwa watoto na vijana wenye anoreksia, njia yenye ushahidi mzuri ilianzia hospitali ya Maudsley, London, nayo haihitaji mitambo: wazazi wanashika usimamizi wa kila mlo kwa muda, wakiongozwa na mtaalamu, kisha wanaurudisha kwa mtoto polepole. Sisi tunaokula sinia moja tuna pa kuanzia. Wenye bulimia husaidiwa na tiba ya mazungumzo, na wengine huongezewa fluoksetini, dawa ya sonona.

Aliyejinyima sana asirundikiwe pilau siku ya kwanza. Chakula kingi cha ghafla hushusha madini ya fosfeti kwenye damu na huweza kuua, kama ilivyowapata wafungwa wa Vita vya Pili vya Dunia walipokombolewa. Aanzie hospitali, akipimwa damu.

Anza hospitali ya wilaya na uombe rufaa ya afya ya akili: Muhimbili au Mirembe kwa Tanzania, Mathari kwa Kenya. Mtoto anaweza kupiga 116 bure katika nchi zote mbili.

Kula udongo je?

Pemba, ule udongo anaokula mjamzito, mara nyingi huendana na upungufu wa madini ya chuma. Apimwe damu, hana haja ya kuchekwa.

Ramadhani inakaribia na binti yangu yuko kwenye matibabu. Afunge?

Huyu ni mgonjwa, na ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Mpeleke kwa shehe mkiwa na maelezo ya daktari, azungumze naye yeye mwenyewe, kwa sababu akilisikia kwako tu atahisi ameibiwa ibada. Jikoni mwangalie: wengi wenye anoreksia hupenda kupika, wakakaanga sambusa za nyumba nzima bila kuonja hata moja. Akitaka, apeleke futari kwa majirani. Ila saa saba mchana sahani yake iwe mezani, na wewe ukae naye hapo, hata kama umefunga.