Skrini nyeusi haimaanishi mazabodi imekufa

Jamani, hii ya "nimewasha kompyuta mpya mara ya kwanza, feni zinazunguka ila skrini nyeusi, basi mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) mbovu nairudisha" inaniuma kweli, maana watu wanarudisha mazabodi nzima kabisa. Kama RAM yako ni DDR5 (kizazi cha RAM kilichofuata DDR4), ukiwasha mara ya kwanza bodi inaanza kujipima nayo, inajaribu muda na volti za mawasiliano kati ya prosesa na RAM mpaka ipate zinazotulia, na hiyo kazi inakula dakika kadhaa, kwenye bodi ya AM5 (soketi ya prosesa za AMD) yenye RAM nyingi hata 10 au zaidi. Muda wote huo skrini haionyeshi kitu. Bodi nyingi zina kitaa kidogo pembeni kimeandikwa DRAM, kikiwaka we kiache tu, usizime! Ukizima katikati inaanza upya, we unazidi kuamini imekufa.

Ikipita nusu saa kimya, hapo sasa kagua. Anza na waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 8 kwenye kona ya juu, huo wengi wanausahau. Halafu bakiza kijiti kimoja cha RAM, kwenye bodi ya matundu manne kwa kawaida ni tundu la pili kutoka kwa prosesa.

Ikishawaka utakuta RAM ya kasi ya 6000 inakimbia labda 4800, nayo sio ubovu, ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya bodi) washa EXPO au XMP, yaani mpangilio wa kasi kamili uliohifadhiwa kwenye RAM yenyewe. Skrini itakuwa nyeusi tena kidogo, inajipima upya, subiri.