Kosa la Wachezaji, Sahihi ya Kocha

Mchezaji akivunja kanuni, lawama humwangukia yeye. Sisi tunaosimamia nidhamu ya michezo vyuoni huanza na kocha: alikuwa na habari? Alimweleza nani?

Chukua kisa cha Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Desemba 2010 ilibainika kwamba wachezaji watano wa futiboli ya Kimarekani waliuza vitu vyao, zikiwemo pete za ubingwa na visuruali vidogo vya dhahabu, yaani vidani vya pambo, ambavyo timu hutunukiwa ikiwashinda mahasimu wao, Chuo Kikuu cha Michigan. Walilipwa fedha, wengine wakachorwa tatuu. Vitu vilikuwa vyao, lakini NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilikataza: mchezaji wa chuo alikuwa wa ridhaa, japo uwanja wa Ohio State huingiza watu zaidi ya 100,000. (Tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kuvuna fedha kwa jina na sura yake.) Wakafungiwa mechi tano za mwanzo za 2011.

Kama yangeishia hapo, leo tungekuwa tumeshasahau.

Kumbe kocha Jim Tressel alikuwa ameandikiwa barua pepe na mwanasheria kuhusu biashara hiyo tangu Aprili 2010. Hakuwaeleza wakuu wa chuo. Baadaye alijitetea kwamba aliombwa atunze siri, na uchunguzi wa serikali ulikuwa ukiendelea. Mimi ningemwelewa, lakini mpaka Septemba tu. Mwezi huo alitia sahihi fomu akithibitisha kwamba hajui ukiukaji wowote, kisha akaendelea kuwapanga vijana walewale msimu mzima. Tangu hapo kosa la tatuu likawa dogo.

Machi 2011 chuo kilimfungia mechi mbili na kumtoza dola 250,000. Watu waliona ni kumpapasa tu. Mei 30 akajiuzulu. Ushindi wa msimu wa 2010 ukafutwa, na Desemba NCAA ikamwekea kizuizi cha miaka mitano: chuo chochote kitakachomwajiri kitalazimika kujieleza, la sivyo nacho kiadhibiwe.

Timu nayo ilizuiwa kucheza mechi za baada ya msimu wa 2012. Ndani yake walikuwemo vijana wa mwaka wa kwanza ambao barua ile ilipoandikwa walikuwa bado sekondari. Chini ya kocha mpya, Urban Meyer, walishinda mechi zote 12. Msimu ulipokwisha, wakabaki nyumbani.