Je, wajua kwa nini kalsiti huonyesha kila herufi mara mbili?

Weka kipande safi cha kalsiti, madini angavu, juu ya ukurasa wenye maandishi na kila herufi itaonekana mbili. Kizungushe taratibu: taswira moja hutulia palepale, nyingine huizunguka. Rasmus Bartholin wa Denmark aliyaeleza haya mwaka 1669. Ni mpindo maradufu: mwanga unaoingia hugawanyika kuwa miali miwili.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba fuwele inayopinda sana mwanga ndiyo inayougawa sana. Si kweli. Almasi ina fahirisi ya mpindo (kipimo cha jinsi kitu kinavyopinda mwanga) ya 2.42, lakini ikiwa safi na haina mkazo ndani yake, haiugawi mwanga kabisa. Kalsiti ina fahirisi ndogo zaidi, ila inazo mbili: 1.66 na 1.49, kutegemea mwanga unatikisika kuelekea wapi. Kinachogawa ni ile tofauti, 0.17. Kwa kwatzi tofauti hiyo ni 0.009 tu. Almasi haina tofauti kwa sababu atomi zake zimepangwa kwa ulinganifu ambao mwanga hauoni upande wowote kuwa tofauti na mwingine.

Ndani ya kalsiti mna vikundi vya kabonati, kaboni moja na oksijeni tatu, vilivyo bapa na vilivyolala sambamba. Wazia sinia lenye maji. Lisukume kando, maji yanayumba. Lisukume juu na chini, hayaendi popote. Elektroni za kabonati huyumba hivyo hivyo. Rundo la masinia yaliyolala sawa hujumlisha athari. Yakitupwa ovyo, athari hufutana. (Mfano huu unaacha nje mchango wa ioni za metali, ambao katika baadhi ya fuwele ni mkubwa.)

Ukitaka tofauti kubwa zaidi, tanua sinia. Hapo ndipo ugumu ulipo: katika sinia pana maji humwagika kwa msukumo mdogo. Yaani pengo la nishati, ile nishati ndogo kabisa inayotosha kuinua elektroni, linapungua, na fuwele inafyonza urujuanimno (mwanga usioonekana, wa mawimbi mafupi kuliko ya zambarau) badala ya kuupitisha. Rutili, madini ya titani, hufikia 0.29, lakini pengo lake ni eV 3 hivi (eV ni kipimo cha nishati), na urujuanimno wa nanomita 200 unahitaji pengo linalozidi eV 6.2. Floridi ya magnesi hupitisha urujuanimno wa mbali, ila tofauti yake ni 0.012.

Kwa hiyo wabunifu wa fuwele za kugawa urujuanimno hutafuta vikundi bapa vidogo, hasa vya borati (boroni na oksijeni), huvipanga sambamba kwa msongamano, na kuvishikanisha kwa metali kama bariamu zisizofyonza urujuanimno. Katika borati ya bariamu ya aina ya alfa, pembetatu tatu za boroni zimeungana kuwa pete moja bapa: sinia limetanuka kiasi, tofauti imefika 0.12, na mwanga bado unapita hadi karibu nanomita 190.