Mwembe Uliofunika Sola

Kazi yangu ni kutengeneza majokofu ya kuhifadhia chanjo, nayo hunitoa nyumbani Dar es Salaam karibu kila mwezi. Watu wakisikia safari ya kikazi huwaza posho na hoteli. Mimi huwaza zahanati za mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Uvinza, ambako hufika baada ya kumaliza zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma mjini na kisha kupanda boti, kwa kuwa baadhi ya vijiji hivyo hufikika kwa urahisi zaidi kwa maji kuliko kwa barabara.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, safari ya nchi kavu imepungua uchovu wa kusubiri, ingawa mgongo wangu bado haujashukuru. Ziwa, hata hivyo, halina ratiba. Upepo ukichafuka, nahodha husema, "Fundi, leo hatuendi," na hapo mjadala umekwisha. Niliwahi kukaa siku tatu katika nyumba ya wageni nikingoja mawimbi yatulie, ilhali masurufu niliyopewa yalikadiriwa kwa siku moja ya kungoja. Siku za ziada nilizilipia mwenyewe kwanza, kisha niliporudi ofisini mhasibu akadai risiti ya mashine ya nauli ya boti, wakati mwenye boti ana daftari la mistari na kalamu ya kuazima.

Kwa nini basi nisimwelekeze muuguzi kwa simu? Nimejaribu mara nyingi. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na muuguzi mmoja alinieleza kuwa jokofu lake la sola lilikuwa likipanda hadi 12 kila alasiri. Kwa simu nilishuku kompresa, ile pampu ya gesi ya kupoza, nikafunga safari na kompresa mpya begani. Nilipofika nilikuta mwembe ambao, tangu sola ifungwe, ulikuwa umekua ukatandaza kivuli juu ya kona ya paneli kuanzia saa saba mchana. Seli za paneli huunganishwa kwa mfululizo, kwa hiyo kivuli kinachofunika chache tu kinaweza kudhoofisha umeme wa paneli nzima. Tulikata matawi mawili, na kompresa nikarudi nayo.

Joto halinitishi kama baridi iliyozidi. Katika zahanati nyingine, muuguzi mwenye nia njema alikuwa amezungusha kidhibiti hadi mwisho kwa kuogopa kiangazi, na chanjo ya pepopunda ikishaganda haiaminiki tena, hata kama barafu imeshayeyuka. Ili kujua kama iliganda, tulichukua chupa nyingine ya toleo lilelile, tukaigandisha kwa makusudi, tukaiyeyusha, kisha tukazitikisa hiyo na ile iliyoshukiwa na kuziweka mezani bega kwa bega. Zote mbili zilitua mashapo kwa kasi ileile, ishara kwamba ile iliyoshukiwa nayo ilikuwa imeganda. Nilimwona muuguzi yule akiandika hesabu ya chupa za kuteketezwa bila kuinua uso, na sikuona sababu ya kuongeza neno. Tangu siku hiyo, kila ninapokwenda huweka alama ya rangi kwenye kidhibiti, nikaeleza ana kwa ana kwa nini isivukwe.

Nyumbani wamejizoesha kuishi bila mimi. Mwaka jana, nikiwa Kigoma, mke wangu alinipigia kuwa friji yetu haigandishi. Nilimuuliza maswali yangu yote ya kifundi, nikahukumu kwa uhakika kuwa gesi imevuja, nikamwambia anisubiri. Hakusubiri, nyama ilikuwa ndani. Alimwita fundi wa mtaani, kijana asiye na cheti chochote, naye akalivuta friji kutoka ukutani na kukuta waya umetafunwa na panya. Alilipwa shilingi 15,000, na risiti hakutoa.